Pumzi ya Kanyere

30 Septemba 1984

Ndege ya misheni imeshuka leo baada ya ibada, na nusu ya Bunia ilikuwa uwanjani. Nami nilikuwemo, nimevaa koti la harusi katika jua lile, najifanya nimekuja kusalimia tu. Mpasuaji wa kudumu wa hospitali yuko likizo kwao Ulaya, na tangu aende hospitali inatibu majipu na kuzalisha wanawake. Sasa wamekuja hawa wa kujitolea, watatu: Docteur Xavier, mzee wa mvi na miguu mirefu, ndiye mkubwa wao, daktari kijana wa kumsaidia, na Mademoiselle Viviane, ambaye kazi yake ni kulaza watu usingizi wa kisu. Watakaa hadi Novemba, kisha ndege itawarudisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nina mmoja tu wa kupona, mke wangu Kanyere.

Mimi ni mfanyabiashara, na kwa kawaida humu naandika habari za barabara: lori limekwama wapi, maharage yatatoka Butembo lini. Msimu huu maharage yatajitegemea.

2 Oktoba

Siku ya kuchaguliwa. Watu walijaa uani mwa hospitali, wa Bogoro, wa Mongbwalu, hata wa ziwani. Docteur Xavier alipita kati yetu akishika matumbo na shingo, na aliyekubaliwa alibandikwa plasta nyeupe mkononi.

Kanyere ana rovu, goitre kama wasemavyo wao. Lilianza alipokuwa msichana, dogo kama limau, na wanawake walilisifu. Sasa limeshuka hadi mfupa wa kifua na kuminya koo. Tangu Pasaka halali chali. Analala ameketi, mgongo ukutani, na akizidiwa pumzi inalia kama mlango usiotiwa mafuta.

Docteur alikuja akicheka, akasema "jambo sana" kwake, kwangu na kwa mbuzi aliyekuwa anapita. Akaweka sikio kwenye shingo ya mke wangu na kicheko kikakoma. Théodore, muuguzi wa hapa anayetufasiria Kifaransa, alitueleza kwamba rovu limebana njia ya hewa, na likiachwa litaiziba. Likitolewa, Kanyere atapumua kama watu wengine. Akabandikwa plasta. Njia nzima alishika mkono huo juu kidogo, na jioni amekataa kuuosha.

Mzee aliyekuwa mbele yetu kwenye mstari aliambiwa arudi kwake. Nilimwonea huruma, lakini ilikuwa huruma ya mtu aliyeshiba.

3 Oktoba

Tumelazwa. Nasema tumelazwa kwa sababu garde-malade, yaani ndugu anayemuuguza mgonjwa, naye ni mgonjwa wa aina yake: anakaa, anangoja, anaambiwa asimame pembeni. Binti yetu Faida nimemwacha kwa jirani kule mtaani kwetu Bigo. Mama mkwe wangu, Mama Vahwere, amekuja kutoka Butembo juu ya magunia ya vitunguu ili ampikie mtoto wake.

Hapo ndipo kazi ilipo. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kuzungumza moja kwa moja ni aibu. Maneno yote tunayapitisha kwa Kanyere. Mama anasema, "Kanyere, kuni zimeisha," nami nimeketi palepale nasikia vizuri kabisa, nanyanyuka kutafuta kuni. Kwa miaka mingi njia hii imetutosha, na imetuepusha ugomvi mwingi. Lakini katika chumba cha wagonjwa, mikeka imepakana, mimi nageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa na mama anajifunika kitenge kichwani.

Jirani yetu wa upande wa pili ni Assani, mchimba dhahabu wa Mongbwalu, Mwislamu, mwenye ngiri ukubwa wa papai. Ametutazama asubuhi nzima, kisha akauliza kama mimi na yule mama tuligombana. Nilipomweleza akasema mama mkwe wake yeye humtukana usoni, na sasa anaona kwamba alibarikiwa.

5 Oktoba

Mvua. Barabara ya Mongbwalu imekatika, wanasema. Kanyere alipata usingizi kidogo asubuhi.

8 Oktoba

Lazima niseme ukweli, watu hawa wanafanya kazi. Wanaingia salle ya kupasulia jua likichomoza na kutoka giza likikaribia. Kabla ya kila kisu Docteur Xavier anashika mkono wa mgonjwa na kuomba, si maombi ya kukimbizana, maombi ya mtu anayeogopa. Mama mmoja wa Bogoro aliyekuwa na uvimbe tumboni kwa miaka ametembea leo hadi jikoni kwa miguu yake mwenyewe, na wapishi wote wakapiga vigelegele. Nimeanza kumpenda mzee huyu.

Alimchorea Kanyere shingo kwenye kiganja chake mwenyewe, kwa kalamu, akionyesha atakapokata. Ni kazi ndefu, anasema, na inahitaji oksijeni tangu mwanzo hadi mwisho. Wana chupa moja kubwa. Atamfanya wa kwanza asubuhi, mikono ikiwa bado haijachoka.

10 Oktoba

Kesho.

Théodore aliniita ukumbini jioni hii. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Kesho asubui, wa kwanza ni bibi yako. Tangu sasa asikule kitu, asikunywe hata mayi. Umuambie mama, juu ni yeye iko anapika."

Nikasema ndiyo. Kisha nikabaki na neno hilo mdomoni bila pa kulitemea. Nimwambieje? Huku kwetu mkwe anayezuia chakula cha mama kisimfikie binti yake amesema neno moja tu, sumu. Koo zimeachana kwa hilo. Ningemtuma Assani, lakini neno kama hilo likibebwa na mgeni linakuwa baya zaidi. Na Kanyere mwenyewe, aliye njia yetu, leo sauti imempotea kabisa, ananong'ona.

Lakini alikuwepo pale mlangoni, alimsikia Théodore kwa masikio yake. Ni mtu mzima. Atamwambia mama yake kwa namna wanawake wanavyojua kuambiana. Nimekuja Bigo kuoga na kumwona Faida, na kesho nitakuwa hospitalini mapema. Nina furaha hata naona haya kuiandika.

11 Oktoba

Nilifika wakati wanamweka juu ya machela. Amevaa kanzu ya kijani, nywele zimefungwa kitambaa, akanitabasamia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, nami nikageuza uso kama kawaida, kwa hiyo sikuliona bakuli.

Mademoiselle Viviane aliuliza swali lake la kila siku, na Théodore akalifasiri: umekula? Kanyere akatazama mlangoni. Théodore akauliza tena.

"Uji kidogo," akanong'ona. "Mama alinipa."

Na mama, maskini, akajibu kwa fahari kutoka mlangoni, akimwambia Théodore kwa kuwa Théodore si mkwe wake: "Si kidogo. Alimaliza bakuli. Nilitiamo karanga na sukari. Mutu haendaka safari kubwa na njala."

Mademoiselle Viviane akavua glavu zake. Sikuhitaji mfasiri kwa hilo. Théodore alieleza hata hivyo, kwa sauti iliyosikika hadi uani: mtu akilazwa usingizi na tumbo limejaa, chakula hupanda na kuingia mapafuni, na kwa huyu ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba hivi, angekufa mezani. Docteur Xavier alitoka salle, akatazama bakuli, akaketi kwenye kigoda. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

Wakamwita Assani, ambaye alikuwa wa pili na hajala. Alipita mbele yangu juu ya machela ileile, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

Kisha Théodore akamgeukia mama. Nani hakukuambia? Mama aliinamisha kichwa. "Hakuna mutu aliniambia," alisema. Théodore akanitazama mimi, na mimi nikautazama ukuta. Watu wote wa chumba kile walifikiri nageuka kwa heshima ya mama mkwe. Aibu yangu ilinifunika vizuri kuliko blanketi.

Baadaye nilimuuliza Kanyere kwa nini, wakati alisikia. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kunijibu. "Nilimuambia hapana," alisema. "Akaanza kulia. Nikakunywa."

Mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo nimeisikia tangu utoto, na leo naichukia.

12 Oktoba

Assani yuko hai, anatapika, analalamika juu ya kila kitu. Ninamfurahia kadiri niwezavyo, na kadiri hiyo si kubwa.

14 Oktoba

Jumapili. Docteur Xavier alitoa ushuhuda kanisani: Mungu hachelewi. Niliondoka kabla ya wimbo.

17 Oktoba

Wametupa siku nyingine, tarehe ishirini na tatu. Rovu linataka asubuhi nzima, na asubuhi zote za kabla ya hapo zina watu wenye plasta zao. Nilijaribu kubembeleza. Sokoni hakuna bei nisiyoweza kuishusha, lakini Docteur alinisikiliza hadi mwisho, akanionyesha kwa mkono watu waliolala ukumbini, akaniuliza nimtoe nani. Macho yangu yalikuwa yameshamchagua mmoja, nikaona haya kumtaja.

Nimetoa damu kwa ajili ya siku hiyo. Ndicho kitu pekee ambacho mtu yeyote amekubali kukipokea kutoka kwangu.

Mama hapiki tena. Anakaa mbali na mafiga, mikono ndani ya kitenge. Wanawake wa jikoni wanampa Kanyere vijiko viwili vitatu vya bugali na sombe ya majani ya muhogo, naye hawezi kumeza. Nilikuwa na hasira na mama tangu siku ile, hasira tamu ya mtu anayejua nani wa kulaumu. Leo niliiona mikono yake imekaa bure na hasira ikapungua nguvu.

20 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Mtaa mzima tulichimba mifereji katika mvua, na mvua ikaijaza nyuma yetu.

22 Oktoba

Lori la samaki kutoka Kasenyi limepinduka kwenye mteremko wa Bogoro. Lilibeba magunia, na juu ya magunia watu, kama kawaida yetu. Waliletwa tangu mchana, juu ya milango, juu ya mabati, mgongoni kwa ndugu zao. Mimi na Assani tulibeba hadi Théodore akamfukuza Assani kwa ajili ya mshono wake.

Uani kulinuka samaki na damu. Docteur Xavier hakuketi hata mara moja. Nilimwona akitoka salle, akisimama kwenye mvua uso juu kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akarudi ndani. Hakuna aliyeniambia kuhusu kesho ya Kanyere, na mimi sikuuliza. Ningeuliza kwa mdomo gani?

Kuna msichana mmoja, Élise, amevunjika mbavu na pafu limetobolewa. Wamemwekea oksijeni. Nilimtazama, nikaitazama ile chupa, nikatamani kitu ambacho sitakiandika.

24 Oktoba

Élise ataishi. Chupa imeisha.

Docteur Xavier alikuja mwenyewe kwenye mkeka wetu. Macho yake yalikuwa mekundu, na viatu vyake bado vina damu ya juzi. Alisema kwa Kifaransa cha polepole ili nielewe bila mfasiri: nikimlaza usingizi bila oksijeni, sitaweza kumwamsha. Nikamuuliza kuhusu kumtoboa koo tu, kama nilivyosikia kuwa hufanywa. Akasema rovu limefunika njia yote, hakuna pa kutoboa. Nikamuuliza kuhusu ndege, apelekwe Kinshasa. Akasema ndege ikipanda hewa inapungua, na yeye hana hewa ya kupunguza.

Basi nikauliza swali la mfanyabiashara: oksijeni inauzwa wapi? Labda Kisangani, alisema. Rubani atatafuta.

Nilitaka kumchukia na sikuweza tena. Aliketi chini kwenye mkeka, miguu mirefu imekunjwa vibaya, na akakaa nasi. Alikuwa kama sisi tu.

27 Oktoba

Rubani amerudi. Ameleta barua, chumvi na dawa za kuhara.

29 Oktoba

Kanyere sasa anapumua kwa mabega. Midomo yake asubuhi ina rangi ya majivu. Hanyamazi kwa huzuni, ananyamaza kwa kubana matumizi: neno moja linamgharimu.

Leo Assani, anayeruhusiwa kwenda kwake juma hili, amenishika mkono. "Ambroise," alisema, "oksijeni ya docteur na oksijeni ya soudeur, si ni ile moja? Kule kwetu Mongbwalu, atelier ya machini iko na chupa. Mukubwa wake namujua."

Nilitaka kujipiga. Kila siku napita mbele ya mafundi wa kuunga vyuma hapa Bunia! Nikawazungukia wote mchana huu. Chupa wanazo, tupu, zimesimama na kutu tangu mwaka jana. Nikakimbia kwa Docteur. Akasema hewa ni hewa, na kwa hali hii yuko tayari kuijaribu. Ndege yao inaondoka tarehe kumi. Nikileta chupa kufikia tarehe nane, tarehe tisa atampasua Kanyere kabla ya mtu mwingine yeyote.

Basi nina kazi. Article quinze, kama tunavyosema: jisaidie mwenyewe. Kwa mara ya kwanza mwezi huu miguu yangu inajua inakwenda wapi.

1 Novemba

Lori linaondoka kesho alfajiri, Assani nami juu yake. Kabla ya hapo kulikuwa na jambo moja.

Kanyere alikuwa amesinzia, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kupitishia neno. Nilimkuta mama amekaa nyuma ya jiko, nikachuchumaa mbele yake, nikamtazama usoni. Sijawahi kumtazama. Ana macho ya Kanyere. Alivuta kitenge ajifunike, nikamwomba asijifunike. Nikamwambia kwamba Théodore aliniagiza nimwambie kuhusu chakula, na mimi niliona haya, nikanyamaza, kisha nikamwacha abebe lawama mbele ya watu.

Nilingoja matusi. Ningeyapokea kwa shukrani.

"Baba," alisema, "hata ungeniambia, ningemupa. Alikuwa anatetemeka. Mutoto yangu alikuwa na njala."

Ndivyo alivyosema. Nilikwenda pale nichukue mzigo wangu, na sasa sijui ni wa nani.

4 Novemba

Tumekwama. Tope hadi ekseli. Naandika juu ya gunia, mvua ikipiga turubai. Abiria wote wanasukuma isipokuwa Assani, anayetuamrisha kama jenerali, mkono kwenye mshono wake.

6 Novemba

Mongbwalu. Mkuu wa atelier, ile karakana ya mashine, ni mtu mkavu, na chupa iliyojaa anayo moja. Bila hiyo, mashine ikivunjika kazi yote inasimama. Assani hakumbembeleza. Alifungua shati lake, akamwonyesha kovu, akamweleza ni nafasi ya nani aliyoichukua siku ile. Sikujua kwamba amekuwa akiibeba habari hiyo.

Mkuu yule akakubali kuniazima. Chupa inasafiri na gari lao na dereva wao, Roger, ambaye ataisubiri Bunia na kuirudisha ikiisha. Roger ni kijana mpole, na wanasema anaendesha kama mtu anayetaka kuzeeka. Kila mlima nitamwomba Mungu na kila daraja nitamwomba Roger.

9 Novemba

Tumefika leo mchana. Tulilala barabarani mara mbili, mti ulikuwa umeanguka.

Ndege imeondoka jana. Daktari kijana alishikwa na homa kali, na rubani akasema mawingu yaliyokuja yangewafunga hapa juma zima. Ama waende saa ile, ama daktari yule afie Bunia. Théodore alinisimulia akitazama viatu vyake. Docteur Xavier alikaa kwa Kanyere hadi rubani akaja kumtoa kwa mkono. Aliomba, au alijaribu kuomba. Alitaka kuniachia neno, akaanza mara mbili, kisha akasema basi.

Nilisimama uani na ile chupa miguuni kwangu. Imejaa. Roger alinisaidia kuishusha, na sasa anauliza aiweke wapi.

10 Novemba

Kwa siku nzima nilimlaani Docteur Xavier. Nilimlaani yeye, rubani, mti ulioanguka, uji, karanga na sukari. Laana ikanichosha. Mzee yule alikuja kutoka mbali akatibu watu wengi, wanatembea, nawaona sokoni. Na kijana wao alikuwa anakufa. Mimi ningefanya vilevile. Nimetafuta mwovu katika habari hii kama mtu anayetafuta sindano ya kushonea, na simpati.

11 Novemba

Théodore amefunga mita ya soudeur kwenye chupa, akapitisha hewa kwenye jagi la maji, na kutoka hapo mrija hadi puani mwa Kanyere. Hakutuahidi kitu. Alisema tu kwamba haitafungua koo, lakini kile kidogo kinachopita kitakuwa na nguvu zaidi.

Midomo ya Kanyere ikarudiwa na rangi. Nilikuwa nimeisahau rangi hiyo.

12 Novemba

Amelala. Mama aliketi nyuma ya Kanyere, nami pembeni, naye akaegemea kifua cha mama na kulala kama mtoto, asubuhi yote. Pumzi bado inalia, lakini hashituki. Mama aliniomba nimpe kitambaa, mimi mwenyewe kwa jina langu, nikampa. Hakuna aliyeona ajabu.

Tunaifungua chupa akilala, tunaifunga akiamka. Kanyere mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Anataka tuitunze.

Roger anapita kila asubuhi kuuliza. Mkuu wake amemtumia ujumbe kwa lori: mashine imevunjika.

13 Novemba

Mshale wa mita umeshuka chini ya nusu, na mchana robo. Nimezunguka tena kwa mafundi wote wa mjini, najua jibu lao, nimeuliza tu. Mpasuaji wa kudumu atarudi baada ya Mwaka Mpya. Wageni wengine, labda mwaka kesho, Mungu akipenda.

Kanyere aliniuliza kama Faida anasukwa nywele vizuri kwa jirani. Nikasema vizuri sana.

14 Novemba

Chupa imeisha saa za mchana.

Tulikuwa sote pale. Mapovu kwenye jagi yalipungua, likatoka moja, likakaa, likatoka jingine, kisha maji yakatulia. Théodore aligonga mita kwa kidole. Akafunga, akafungua, akamtazama mama, akanitazama mimi. Kanyere alikuwa ameegemea kifua cha mama yake, macho yamefumbwa nusu, mrija puani.

Théodore akanyoosha mkono autoe mrija. Kanyere akaushika.

"Muache," alinong'ona. "Iko inanisaidia."

Théodore akarudisha mkono wake. Mama alinitazama juu ya kichwa cha mtoto wake, akatikisa kichwa polepole, nami nikaelewa. Hatukumwambia.

Muda huohuo Roger alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniita kwa ishara. Nilitoka ukumbini. Aliniuliza kwa adabu sana kama sasa chupa imekwisha, maana gari liko tayari na kule kazi imesimama.

Nikamwambia bado. Nikamwambia imebaki nyingi.

Akasema hakuna neno, akaketi kwenye benchi kungoja.